Girisi Mpya Haipigi Kelele

Pikapu iliyoua ilikuwa imelala ubavu nyuma ya ofisi ya polisi, magurudumu yake manne yakitazama ukuta. Harufu ya samaki wa Kinkondja ilikuwa bado ndani yake, na nzi walikuwa wamekwisha kufungua soko lao bila kuomba ruhusa ya mtu.

Inspekta Phébé Kapinga alivua viatu vya kazi, akavaa kandambili, akakunja suruali mpaka magoti, akaingia kati ya ukuta na tumbo la gari.

"Mama Inspekta, unatafuta nini tena?" Komisere Lumbu, mkubwa wake, alimuuliza kutoka kivulini. Lumbu alikuwa mtu wa kupenda kivuli na kesi fupi. "Kila muntu anajua. Fundi hakutia girisi. Kardani ilikauka, ikachomoka, motokari ikapinduka, shofere Divin akakufa. Saa tisa namupeleka fundi ku parke. Kwisha."

"Na miguu, hakuna motokari?"

"Na miguu. Parke iko hapa tu."

Kweli parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, ilikuwa hapo tu, hatua mia tatu kutoka langoni. Lakini mbele ya lango walikuwa wamekaa ndugu za Divin, watu arobaini na zaidi, waliotoka Base, kambi ya jeshi nje ya mji, tangu Jumamosi, na mawe yao hawakuyaficha. Siku ile ya Jumamosi fundi Lumbala alipoletwa, alitembea hatua ishirini tu kati ya motokari na mlango, akapoteza meno mawili. Leo ni Jumatatu. Hesabu ya hatua mia tatu haihitaji mwalimu.

"Shefu, ukimutoa na miguu, andika kabisa ku karatasi yake: marehemu."

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi, shefu. Nakuhurumia wino."

Lumbu aliguna akaingia ndani. Phébé akabaki na kardani, ule mti mrefu wa chuma unaopita chini ya gari kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Kila ncha yake ina kiungo, na ndani ya kiungo kuna msalaba mdogo wa chuma unaozunguka ndani ya vikombe vinne. Msalaba ule hula girisi kama mtoto anavyokula uji: ukimchelewesha analia, ukimnyima kabisa anakufa na wewe.

Alitia kidole kwenye kikombe cha kwanza. Kidole kikatoka chekundu. Cha pili, chekundu. Vyote vinane, vya mbele na vya nyuma, girisi laini, mpya, safi. Kiungo kilichokauka hutoa unga mweusi na kutu. Hapa hapakuwa na kutu hata ya kuwekea chumvi.

Basi fundi alitia girisi. Moja.

Akaja kwenye buloni, bolti zinazofunga kiungo. Kiungo cha nyuma kilishikwa na buloni nne, zote mahali pake, na juu ya kila moja palipita mstari mweupe wa rangi: nusu kwenye kichwa cha buloni, nusu kwenye chuma inachokishika. Kiungo cha mbele, kile kilichoanguka, kilikuwa na matundu matatu matupu. Pembeni mwa kila tundu ilibaki nusu ya mstari, ikingoja mwenzake. Katika tundu la nne buloni moja ilibaki, imepinda. Phébé aliichomoa, akaifuta kwa kitambaa, akaileta juani.

Kichwa chake kilikuwa kimeumwa. Meno ya chuma yalikuwa yamechimba pande zote mbili, mistari midogo inayong'aa, na meno yale yalikuwa yamepita juu ya rangi nyeupe.

Aliigeuza tena, kandambili ndani ya mafuta. Rangi kwanza. Meno baadaye. Mtu mmoja alikaza na kupaka, mtu mwingine akaja kufungua.

*

Kasho ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa chuma na dirisha la ukubwa wa sahani. Nje, chini ya dirisha, Marthe, mke wa fundi, alikuwa ameketi na sufuria ya bukari, ule ugali, iliyofunikwa. Polisi walimkataza kuingia, na yeye alikataa kuondoka, kwa hiyo wote walikuwa wametii nusu nusu.

Lumbala alikuwa na miaka sitini na moja. Mdomo ulikuwa umevimba lakini haukuwa umefungwa.

"Jambo, papa."

"Jambo, mama. Unaniletea habari ao unaniletea kamba?"

"Nakuletea maulizo."

"Maulizo haishibishi. Lakini lete."

"Ile mistari nyeupe ku mabuloni, ni ya nani?"

"Ni yangu!" Mzee alikaa wima, kama mtu aliyeulizwa habari za mjukuu. "Papa yangu alikuwa muntu wa reli. Mbele treni itoke, alikuwa anapitaka na nyundo, anagonga gurudumu moja moja. Yenye iko muzima inaimba. Yenye ilipasuka inakohoa. Minyi, mutoto yake, vile vile. Nikimaliza kutia girisi, siachake motokari itoke hivi hivi. Namupa shofere nyundo, namuambia: lala chini, gonga weye mwenyewe. Buloni nane. Akisikia zote zinaimba, njo napaka mustari na nyoya ya kuku. Buloni ikizunguka kidogo, mustari unavunjika, hata mutoto anaona."

"Na nani aligonga Alhamisi?"

"Divin. Kila mara ni yeye. Patroni yake Bokungu hajakanyaga kwangu hata siku moja. Anasema girisi inaharibu viatu."

"Divin alisikia zote zinaimba?"

"Zote. Alinicheka hata. Anasema: papa, weye ungekuwa padri, ungetuungamisha na nyundo."

Phébé alimwonyesha ile buloni kupitia dirishani. Mzee aliipokea, akaigeuza mara mbili, akairudisha kwa vidole viwili kana kwamba ina ugonjwa.

"Hii ni kle ya meno. Ile ya kushika mabomba ya maji. Ukikuta fundi wa motokari na ile, kimbia. Inakula kichwa ya buloni."

"Wewe huna?"

"Mama, heri uniulize kama niko na bibi wa pili. Marthe anasikia lakini hatakasirika."

"Nakasirika," sauti ya Marthe ilitoka chini ya dirisha.

Phébé hakucheka muda mrefu. "Papa, kardani ikichomoka, motokari inapinduka kila mara?"

"Hapana. Ikichomoka nyuma, inaburuta tu. Unasimama, unatukana fundi, unarudia na miguu. Lakini ikichomoka mbele..." Aliinua mkono, vidole vikitazama chini. "Kichwa inaanguka, inadunga udongo, na motokari yote inaruka juu yake. Ku mutelemuko, na mbio, hakuna muntu atakutukana tena, weye njo utalala."

"Basi aliyefungua alichagua upande."

"Alichagua. Na anajua motokari, hata kama anasema hajui." Mzee alipangusa mdomo wake uliovimba. "Lakini kuko kitu kimoja, mama. Tangu Jumamosi inaninyima usingizi, hata meno hainiume vile. Buloni tatu zikikosa, ya ine ikilegea, ile motokari inalia. Ko-ko-ko-ko, sawa mama anatwanga sombe. Kipofu anasikia. Kiziwi anasikia na matako. Divin ana miaka munane ku volani. Juu ya nini hakusimama?"

Saa ya ukutani kwenye ofisi ilisema saa nne kasoro robo.

*

Barabara ya Kinkondja hupita njia panda ya Base kabla ya kuteremka mtoni. Pale njia panda, Bibiche, mke wa askari, aliyezaliwa upande mwingine kabisa wa nchi na kufuata kazi ya mumewe, alikuwa na meza, karai la mafuta ya moto na mikate ya kukaanga. Kila shofere wa njia ile alikuwa na deni mezani pake.

"Mama polisi! Leo unakula ao unakamata?"

"Nakula kwanza. Nikishiba, tutaona."

Phébé alikula mikate miwili amesimama. Bibiche alimtazama, akapunguza moto.

"Ni juu ya Divin."

"Ni juu ya Divin. Ijumaa asubuhi alisimama hapa?"

"Alisimama, saa moja. Alikunywa chai, pale pale unasimama. Nilisikia motokari yake mbele niione. Nikamuambia: Divin, motokari yako iko inakohoa kifua kikuu. Akacheka."

"Hakulala chini kuangalia?"

"Hata. Anasema patroni alimuambia asubuhi mbele atoke: fundi ametia girisi mupya, na girisi mupya inapigaka kelele mpaka ikalie vizuri. Usisimame-simame njiani kupoteza wakati. Itanyamaza yenyewe kisha daraja."

Phébé aliweka kikombe chini.

"Kisha daraja. Alisema vile?"

"Kisha daraja. Maneno ya patroni, si yangu." Bibiche alifuta mikono kwenye kitenge, ingawa ilikuwa mikavu. "Na kweli ilinyamaza."

Baada ya daraja. Na Divin alikufa kabla ya kulifikia, chini ya mteremko, daraja likiwa mbele ya macho yake.

"Alikuwa na hasira? Na woga?"

"Alikuwa na furaha, yaya. Ile furaha ya muntu ametoka kutapika sumu. Anasema: yaya Bibiche, Siku ya Mungu yenye inakuya ku kanisa yetu, nitatoa ushuhuda. Kuko kitu nabeba ku roho tangu mwezi wa ine, shiye na patroni. Nikamuuliza kitu gani. Anasema: muntu wa kinga. Tulimugonga, usiku, na tulienda."

Muntu wa kinga, mmoja wa wale wanaume wanaosukuma baiskeli toka ziwa Kisale mpaka Kamina na mzigo wa samaki mrefu kuliko wao. Wanapita kila siku. Mmoja akikosa kufika, watu husema amekaa kwa ndugu.

"Patroni alijua Divin atasema?"

"Divin mwenyewe alimuambia Alhamisi mangaribi. Ati asimushutukize mbele ya bantu. Ati ni heshima." Bibiche alitema mate pembeni mwa meza. "Heshima!"

Phébé alimpigia Lumbu simu kutoka pale pale. Lumbu alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akasema:

"Marehemu alimuambia mama wa mikate, na mama wa mikate amekuambia weye. Bokungu njo alilipa sanduku ya maiti, alilipa hata makamyo ya kuleta bantu ku kilio. Nitamukamata na mikate? Niletee mudomo wake mwenyewe. Saa tisa haingojake."

*

Depo ya samaki ya Bokungu ilikuwa nyuma ya gare ya treni. Mwenyewe alikuwa mtu mpana mwenye sauti ndogo, shati jeupe, viatu vyeupe. Alimpokea Inspekta kwa mikono yote miwili, kama watu wanavyopokeana kwenye msiba.

"Mama Inspekta. Mutoto tumemuzika. Sasa nangoja haki tu. Yule muzee alikunywa pombe, si ndiyo?"

"Yule muzee hakunywake. Patroni, weye unajua motokari?"

"Minyi?" Alicheka kidogo kwa huzuni. "Minyi najua samaki. Kardani na sufuria, kwangu ni ndugu."

"Ijumaa asubuhi uliongea na Divin?"

"Nililala, mama. Alitoka mbele niamuke. Ile inaniuma sana."

Phébé aliandika. Karibu na mlango palisimama bomba la maji, kiungo chake kimefungwa kwa chuma kipya, kazi nzuri.

"Nani alikutengenezea?"

"Minyi mwenyewe. Mafundi wa maji hapa ni wezi. Ya bomba najua kidogo."

"Ya bomba unajua kidogo," Phébé alirudia, akaandika hilo pia. "Basi, patroni, kubaki kitu kimoja. Mwenye motokari anapashwa kutia sinyatiri, mukono wake, ku karatasi pahali pa aksida, mbele niifunge. Twende sasa, saa tisa tumerudi, muzee anaenda ku parke, na weye unapumuzika."

Bokungu alivaa koti lake. Angekataa kwa sababu gani?

Pikapu ya polisi ilikuwa ya aina ile ile, kuukuu zaidi. Phébé alishika usukani, Bokungu akakaa pembeni yake, na nyuma, kwenye sanduku la wazi, alipanda polisi Kabamba na bunduki yake. Kioo cha nyuma kilikuwa kimevunjika miaka mingi iliyopita na ofisi haikuwahi kukibadilisha, kwa hiyo Kabamba alisikia kila neno la mbele. Ilikuwa mara ya kwanza umaskini wa ofisi kuisaidia.

Njia panda ya Base walisimama. Phébé alinunua mikate, akampa Bokungu miwili ndani ya karatasi, akazungumza naye dirishani habari za bei ya samaki. Kabamba alilala chini ya gari, akasema eksosi imelegea, akatoka na mikono michafu.

Wakaondoka.

Mwanzo ilikuwa ndogo. Ko. Kisha kimya. Ko, ko. Phébé aliongeza mwendo, na sauti ikakusanyika chini ya sakafu, ko-ko-ko-ko, ikafuata magurudumu, haraka kadiri gari lilivyokwenda haraka.

Bokungu alikuwa akisimulia habari za nyavu. Aliacha katikati ya neno.

"Mama. Ile ni nini?"

"Ipi?"

"Ile inagonga."

"Ah, ile! Tulitia girisi mupya asubuhi." Phébé alibadilisha gia. "Girisi mupya inapigaka kelele. Itanyamaza yenyewe kisha daraja."

Hakumtazama. Barabara ilianza kuinama. Pande zote majani marefu yalisimama bila upepo, na mbali chini, mto ulionekana kidogo, na mbao za daraja.

Ko-ko-ko-ko-ko.

"Punguza mbio, mama."

"Tutachelewa. Saa tisa haingojake."

"Mama, punguza."

"Kula mukate, patroni."

Karatasi ya mikate ilikuwa imeminywa mkononi mwake mpaka mafuta yakashuka kwenye suruali. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshika mlango, na miguu ile yenye viatu vyeupe aliipandisha kutoka sakafuni, yote miwili, kama mtu anayeona nyoka chini ya kiti.

"Simama."

"Juu ya nini?"

"Simamisha! Simamisha, nakuomba! Itachomoka! Itachomoka mbele, tutaruka!"

"Mbele?" Phébé alisema, na sauti yake haikupanda. "Nani alikuambia mbele?"

"Simama!"

"Kardani na sufuria ni ndugu. Sufuria inachomokaka mbele?"

Bokungu alirukia usukani. Phébé alikuwa amekwisha kukanyaga breki. Gari liliyumba, likala mchanga, likasimama mshazari, na Bokungu akafungua mlango akaanguka nje kwa magoti na mikono. Hatua ishirini mbele yake, katikati ya barabara, udongo ulikuwa na shimo refu jembamba, pale kardani ya Divin ilipodunga.

Injini ilizimwa. Hapakuwa na ndege wala mtu.

Phébé alishuka, akainama chini ya gari lake, akavuta, akarudi na kipande cha bati kilichofungwa kwa waya.

"Buloni zetu zote ziko, patroni. Zote nane. Hii tu ilikuwa inaimba." Aliliweka bati chini mbele ya magoti yake. "Kabamba, ulisikia?"

"Nilisikia, mama. Nilisikia yote." Bunduki ilikuwa imekwisha kushuka begani.

Bokungu alilitazama bati. Alipofungua mdomo, sauti ile ndogo ilikuwa imebaki nusu.

"Nilimuomba anyamaze. Mara tatu nilimuomba. Nilimuambia nitamununulia hata motokari yake mwenyewe. Anasema hapana, anataka usingizi."

"Na ukamupa."

Bokungu alilisukuma bati pembeni kwa kidole kimoja.

"Yule muntu wa kinga," Phébé alisema. "Mulipomuacha, alikuwa anapumua?"

Bokungu alifikiri sana, kama mtu anayeulizwa bei.

"Kidogo."

"Wapi?"

Alinyoosha mkono. Si mbali. Majani ya pale yalikuwa marefu kuliko mengine, na yalikuwa kimya kama yale mengine yote.

*

Waliporudi Kamina ilikuwa bado dakika kumi kabla ya saa tisa. Lakini saa ya Komisere Lumbu ilikwenda mbele kama yeye mwenyewe alivyotaka kwenda, na lango lilikuwa wazi.

Lumbala alikuwa amekwisha kutoka. Bila mkanda, mkono mmoja ukishika suruali, polisi wawili pembeni yake wakitazama kila upande isipokuwa mbele. Mbele walisimama wale arobaini. Hawakupiga kelele. Walikuwa wamejipanga pande mbili za njia, wakaacha nafasi katikati, upana wa mtu mmoja.

Mwanzoni mwa mstari alisimama Ajida Hénoch, kaka mkubwa wa Divin, askari wa Base, ndani ya nguo za kiraia, na jiwe la ukubwa wa mkate.

Phébé hakupiga honi. Aliingiza pikapu katikati ya ile njia, polepole, watu wakaruka, vumbi likapanda, akasimama kati ya mzee na Hénoch. Akashuka.

"Ajida. Mbele urushe, sikia dakika mbili. Kisha utajua wa kurushia, na nitakukataza."

"Ondoka, mama."

"Lumbala alitia girisi, alikaza, na ndugu yako mwenyewe aligonga buloni na nyundo. Usiku ule motokari ililala kwa patroni. Patroni alitosha buloni tatu za mbele, akalegeza ya ine. Asubuhi akamuambia ndugu yako: kelele ni ya girisi, usisimame. Amesema mwenyewe. Kabamba ni shahidi."

Kila mtu alitazama nyuma ya pikapu. Bokungu alikuwa amelala kifudifudi kati ya miguu ya Kabamba, pingu mikononi, viatu vyake vyeupe vikiwa vyekundu kwa udongo. Yule aliyelipa sanduku. Yule aliyekuwa mstari wa mbele makaburini, akilia kuliko mama mzazi.

Hénoch alitazama kwa muda ambao Phébé aliupima kwa pumzi zake mwenyewe. Zilikuwa saba.

"Juu ya nini?" aliuliza.

"Divin alikuwa atoe ushuhuda Siku ya Mungu. Kuko muntu mu majani, karibu ya daraja. Tangu mwezi wa ine. Nitaenda kumutosha kesho, na nitatafuta mama yake."

Mwanamke mmoja katika ile safu alianza kulia, kwa sauti mpya, si ile ya siku tatu zilizopita. Lumbu alitokea langoni, akaona, akarudi ndani upesi kufungua kasho. Bokungu alivutwa, akapitishwa mbio, na safari hii mlango wa chuma ulipofungwa yeye ndiye aliyeushukuru.

Alibaki Lumbala, amesimama kwenye vumbi na suruali yake mkononi, mtu huru ambaye hakuna aliyempisha.

Hénoch alimwendea. Jiwe lilikuwa bado naye.

"Papa, ku kilio yetu hujakula."

Hakuna polisi aliyeelewa haraka kama Phébé, na yeye hakupenda alichoelewa. Mtu aliyetajwa kwa kifo, asipokula chakula cha kilio kile, anabaki ametajwa, hata parke nzima iseme vingine. Watoto wake watatajwa pia. Lakini chakula kilikuwa Base, na njia ya kufika ilikuwa kamyo ile iliyoegeshwa pale, pamoja na watu hawa arobaini, na mawe yalikuwa bado mikononi mwao.

"Anaweza kula kesho," Phébé alisema. "Na minyi pamoja."

"Kilio inaisha leo, mama Inspekta. Kesho moto iko inazimishwa."

Alitafuta sheria ya kumzuia. Haikuwepo. Mzee alikuwa huru, hiyo ndiyo kazi aliyoifanya tangu asubuhi.

Lumbala aliangalia kamyo, akaangalia nyuso. Aliangalia mkono wa Hénoch.

"Nikikataa?"

Hénoch alihamishia jiwe mkono wa pili.

"Haya," alisema. "Lakini minyi sina meno mengi. Mupike laini."

Alikwenda. Watu wawili walimpandisha, mmoja akimshika kwapa, na haikujulikana kama ni kwa upole. Ndipo Marthe alipotokea kona ya ukuta, sufuria yake kichwani, akaona mume wake ndani ya kamyo ya wenye mawe. Hakupiga yowe. Aliwapita polisi, akampita Inspekta aliyekuwa akianza kumweleza, akasimama chini ya kamyo, akainua sufuria ya bukari kwa mikono yote miwili.

"Mushike hii. Kama ni kula, tutakula wote."

Ajida Hénoch alisogea kumwachia nafasi. Juu kabisa, pembeni, alikaa mama mmoja wa kilio na jiwe lake mapajani. Aliliangalia kama hajui nani alimpa, akaliweka chini, polepole, akanyoosha mkono kumvuta Marthe apande.